Chuo, mwalimu wa mtandaoni au peke yako: njia tatu za kuwa msanii au animeta wa gemu

Anayetaka kutengeneza wahusika, majumba, silaha na miondoko ya gemu huanza kwa kuuliza asome wapi. Swali hilo huja mapema mno. Studio haiajiri "mtu wa gemu". Inaajiri mtu wa mazingira, mtu wa wahusika, animeta (anayetia miondoko), mtu wa rigi (anayewatia wahusika mifupa ya kuwachezeshea), na kila mmoja ana mafunzo yake. Jambo la pili la kujua ni unacholipia. Maelezo ya wapi pa kubonyeza yamejaa mtandaoni bure. Kinachouzwa na chuo au kozi ni masahihisho: mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo afungue faili lako, akuoneshe lilipoharibika, urudie, alifungue tena. Kila njia hapa tumeipima kwanza kwa idadi ya masahihisho utakayopata kwa wiki, ndipo tukaangalia ada, muda na cheti.

Msanii au animeta?

Msanii wa 3D hujenga kinachoonekana. Chukua jiko la mkaa litakalowekwa uani kwenye gemu ya simu. Msanii anachonga kwanza modeli nzito, yenye poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo) milioni moja au zaidi, ikiwa na kila mbonyeo wa bati na kila tundu la jivu. Juu yake anajenga modeli nyepesi ya pembetatu 800 hivi, maana simu haiwezi kuibeba ile nzito. Hiyo nyepesi anaipasua na kuilaza bapa, kama fundi cherehani anavyotandaza vipande vya shati kabla ya kushona, ili ipate mahali pa kupakwa rangi. Kisha anabeki, yaani kompyuta inanakili mabonde na vilima vya modeli nzito na kuviweka kwenye picha iitwayo ramani ya nomali, nayo modeli nyepesi inaonekana kuwa na kina isichokuwa nacho. Mwisho anaweka rangi, ukwaru na umetali, anaingiza kila kitu kwenye injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha gemu, kama Unity au Unreal, na kukitazama chini ya taa za gemu yenyewe.

Makosa mengi hujificha hadi hatua hiyo ya mwisho. Ukiona vishimo vimegeuka vinundu, chaneli ya kijani ya ramani ya nomali imepinduka: Blender, programu ya kutengenezea modeli, na Unity hufuata mpangilio uitwao OpenGL, Unreal hufuata uitwao DirectX, na dawa ni kuipindua chaneli hiyo tu, huna haja ya kubeki upya. Kitu kikiingia kikiwa kikubwa au kidogo mara mia, vipimo vimegongana, kwa sababu Unreal huhesabu kwa sentimita ilhali Blender na Unity huhesabu kwa mita. Ukiona michirizi ya rangi ngeni kwenye maungio, vipande ulivyotandaza vimebanana. Kwenye picha ya pikseli 2048 acha angalau pikseli 8 kati ya kipande na kipande. Na ukipanga nyenzo, yaani mwonekano wa uso wa kitu, kwa nodi (visanduku vinavyounganishwa) ndani ya Blender, mpangilio huo hausafiri na faili la FBX, lile linalobeba modeli kwenda kwenye injini. Usipoubeki uwe picha, jiko lako litafika likiwa tupu, halina kutu wala masizi.

Animeta hajengi mwili. Hupewa mwili uliokwisha kutiwa mifupa na vishikio, yaani rigi, naye kazi yake ni pozi, muda na mistari ya grafu. Mzunguko wa kutembea, ambao ndio mtihani wa kila anayeanza, una pozi nne kwa kila hatua: mguu unapogusa ardhi, mwili unaposhuka, miguu inapopishana, mwili unapopanda. Hatua mbili za mwendo wa kawaida huchukua takriban sekunde moja, yaani fremu (picha moja moja za mwendo) 24 kwenye filamu au 30 kwenye gemu nyingi. Ukimaliza pozi hizo, bado hujaanza kushughulikia mabega yanayopingana na nyonga, wala kisigino kinachochelewa kuachia ardhi.

Kinachomtenga animeta wa gemu na yule wa filamu ni mchezaji aliyeshika kitufe. Mpiganaji wa filamu anaweza kuvuta mkono nyuma kwa fremu 10 kabla ya ngumi, na watazamaji wakafurahia. Kwenye gemu, mchezaji akibonyeza na asione lolote ndani ya fremu 3 au 4, atasema gemu ni nzito, hata kama ngumi yenyewe ni nzuri. Kwa hiyo maandalizi hukatwa, na uzito wa mwili huhamishiwa baada ya pigo, mkono unaporudi. Aliyesomea katuni za televisheni pekee huchelewa kulizoea jambo hili, na ni hapo rili nyingi za waombaji kazi, yaani video fupi za kuonesha kazi zao, hukwama.

Lipo pia tatizo la miguu kuteleza. Ukitengeneza mwendo ambao hatua mbili zinafunika mita 1.5 kwa sekunde, kisha mtunga programu akaweka kasi ya mita 2 kwa sekunde, miguu itateleza hata kama pozi zako hazina doa. Dawa ni kukubaliana namba hiyo kabla ya kugusa rigi. Mkono ukijizungusha ghafla upande usioutaka, mihimili miwili ya mzunguko imelaliana. Badili mpangilio wa mihimili ya kishikio hicho kabla ya kuweka pozi, kwa kuwa ukiubadili baadaye pozi za nyuma zitaharibika.

Kiti cha tatu, cha mtu wa rigi na msanii wa kiufundi, kinamfaa anayependa hesabu na asiyeogopa kuandika Python, lugha ya utungaji programu ambayo Blender na Maya (programu nyingine ya 3D) zote huitumia. Waombaji wake huwa wachache kuliko wa viti vile viwili.

Kama hujui wewe ni yupi, jipe wiki mbili kabla ya kulipa senti. Wiki ya kwanza tengeneza kifaa kimoja cha jikoni kutoka kwenye picha uliyopiga mwenyewe, ukifikishe hadi ndani ya injini. Wiki ya pili dundisha mipira miwili, mmoja wa tenisi na mwingine wa chuma, mpaka mtu asiyejua chochote aweze kukuambia upi ni mzito bila kuona rangi yake. Kisha jiulize ni kazi ipi uliirudia bila kulazimishwa.

Chuo

Chuo kinakupa ratiba, kompyuta zenye nguvu, na kitu ambacho njia nyingine hazikupi kirahisi: wanafunzi wa utungaji programu wanaohitaji msanii wa kushirikiana naye. Gemu ndogo moja iliyokamilika, hata ya dakika tano, humweleza mwajiri mengi kuliko picha ishirini nzuri, kwa sababu inaonesha kuwa mafaili yako yanafanya kazi mikononi mwa mtu mwingine.

Kuhusu cheti tusidanganyane. Mkuu wa wasanii kwenye studio huangalia kazi zako kwanza, na aghalabu hafiki kwenye cheti. Anayekihitaji ni afisa wa uhamiaji. Viza ya H-1B ya Marekani, kwa mfano, hudai shahada ya kwanza au kinacholingana nayo katika fani inayohusika. Mwenye ndoto ya kuajiriwa ng'ambo na kuhamia huko anayo sababu halisi ya kusoma shahada. Anayekusudia kufanya kazi kutoka Mwanza au Kisumu kwa wateja wa mbali hana sababu hiyo.

Udhaifu mkubwa wa vyuo ni mitaala mipana. Kozi nyingi zenye jina la "multimedia" huchanganya uhariri wa video, usanifu wa mabango, tovuti na animesheni, hivi kwamba 3D hupata muhula mmoja au miwili tu. Utamaliza ukiwa umeonja kila sahani bila kushiba hata moja. Nairobi, Africa Digital Media Institute (ADMI) ni mfano wa chuo kilichojikita kwenye fani za kidijitali na kinachofundisha animesheni na gemu. Popote utakapokwenda, hakikisha kwanza usajili kwenye mamlaka ya elimu: NACTVET kwa Tanzania, TVETA kwa Kenya, na kwa shahada ni TCU ya Tanzania na CUE ya Kenya. Kisha nenda ana kwa ana uulize:

- 3D ina saa ngapi kwa wiki, na kuanzia muhula wa ngapi?
- Mwalimu wa somo hilo amefanya kazi kwenye gemu au filamu ipi iliyotoka, na inaweza kuonekana?
- Kazi za wahitimu wa mwaka jana ziko wapi? Omba za watu watano wa kawaida, usikubali kuoneshwa yule bora peke yake.
- Kazi ya mwisho inaingizwa kwenye injini au inaishia kuwa picha?
- Mwalimu anafungua faili la kila mwanafunzi mara ngapi kwa mwezi?

Swali la mwisho ndilo zito. Darasa la watu 40 lenye mwalimu mmoja na kipindi cha saa tatu humpa kila mwanafunzi dakika nne na nusu, tena ikiwa mwalimu hafundishi lolote jipya siku hiyo.

Kozi ya mtandaoni yenye mwalimu

Hapa ndipo masahihisho yalipo mengi zaidi kwa kila mwezi unaosoma. Animation Mentor, iliyoanza kufundisha 2005, ilijengwa juu ya wazo hilo: wanafunzi wachache kwa kila animeta anayefanya kazi kwenye tasnia, unatuma kazi kila wiki, unarudishiwa video ambayo mwalimu anachora juu ya pozi zako. Muhula ni wa wiki 12 hivi. Kwa wasanii wa modeli na mazingira, Gnomon ya Los Angeles ina madarasa ya mtandaoni ya wiki 10. Ada ya shule za aina hii mara nyingi huzidi dola 2,000 kwa muhula mmoja, nayo hulipwa kwa kadi, kwa hiyo kupanda kwa dola kunaweza kukuvurugia hesabu katikati ya masomo.

Tatizo ambalo watu hulisahau ni saa. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa kumi na mbili jioni Los Angeles ni saa 11 alfajiri Dar es Salaam na Nairobi wakati wao wako kwenye baridi, na saa 10 alfajiri wakiwa kwenye kiangazi. Vipindi hurekodiwa, lakini kuuliza swali papo hapo ni nusu ya thamani ya ada. Chagua mwalimu anayeishi Ulaya kama shule inakuruhusu. Jioni yake ni jioni yako au usiku wa mapema.

Intaneti haina haja ya kuwa ya kasi kubwa. Video ya sekunde 10 ya animesheni, ikibanwa vizuri, ni megabaiti chache. Kinachotisha ni kupakua programu na marekodi ya masomo.

Kosa la gharama kubwa ni kuingia mapema. Kulipa dola 2,000 ili uambiwe kwamba mpira wako unakwenda kwa kasi ile ile juu na chini ni kutupa pesa, kwa kuwa hilo ungejifunza bure. Jifunze programu na mazoezi ya msingi peke yako kwa miezi minne hadi sita, ndipo ununue muhula mmoja. Ukiona masahihisho yanakusogeza, nunua mwingine. Usilipie mihula sita kwa mkupuo kwa sababu ya punguzo.

Peke yako

Njia hii ni ya bei ndogo na yenye majeruhi wengi. Wanaoshindwa hawashindwi kwa kukosa masomo. Wanayo mengi kupita kiasi. Wanafuata somo la donati, la upanga, la chumba, na mwishoni wana kazi kumi ambazo maelfu ya watu wengine wanazo vilevile. Kanuni yetu ni moja: kila somo moja ulilofuata, tengeneza kitu kingine kwa mbinu zile zile bila kurudi kwenye video. Ukikwama, hapo ndipo ulipokuwa hujaelewa.

Kwa mtu mwenye saa 15 kwa wiki, mwaka unaweza kugawanyika hivi. Miezi miwili ya kwanza ni ya programu na kuchora kwa penseli, umbo na uwiano tu. Miezi minne inayofuata, msanii atengeneze vitu vidogo sita hadi vinane na kila kimoja kifike kwenye injini. Animeta afanye mpira, mkia, gunia la unga linaloruka, kisha kutembea, kukimbia na kuruka. Miezi minne tena ni ya kazi tatu kubwa. Miwili iliyobaki ni ya kuzirudia kazi hizo tatu. Wengi huiruka sehemu hii ya mwisho kwa hamu ya kuanza kitu kipya, na ndiyo inayopandisha kiwango kuliko zote.

Masahihisho utayatafuta kwa jasho. Unda kundi la watu watatu au wanne mnaokutana kila wiki na kufunguliana mafaili. Ingia Global Game Jam, inayofanyika kila mwaka tangu 2009, uunde gemu na wageni kwa siku chache. Mtunga programu aliyekosa usingizi atakueleza wazi kuwa modeli yako ina mhimili uliopinda. Animeta ajirekodi kwa simu akitembea, upande na mbele, kisha alinganishe fremu kwa fremu. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika, hivyo video itapotea mwendo ukiiweka kwenye programu. Ipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake na uchague kasi isiyobadilika.

Mixamo ya Adobe hutia mifupa na miondoko bure, nayo inasaidia kujaribu modeli. Usiweke miondoko yake kwenye rili yako. Waajiri wanaitambua kwa kuitazama tu.

| | Chuo | Mwalimu mtandaoni | Peke yako |
|---|---|---|---|
| Masahihisho | Hutegemea ukubwa wa darasa | Kila wiki, kwa jina lako | Unayoyatafuta |
| Muda | Miaka 1 hadi 4 | Wiki 10 hadi 12 kwa muhula | Mwaka 1 hadi 3 |
| Gharama kubwa | Ada na malazi | Ada kwa dola | Kompyuta na bando |
| Cheti cha viza | Ndiyo, kikiwa shahada | Hapana | Hapana |
| Wenza wa kuunda gemu | Wapo jirani | Wachache | Kupitia Global Game Jam |

Programu na mashine

Blender ni bure na msimbo wake uko wazi tangu 2002. Kwa msanii wa modeli inatosha kabisa. Kwa animeta jibu linagawanyika: studio ndogo na za simu zinaikubali, ilhali studio nyingi kubwa zimejenga mifumo yao juu ya Maya, ambayo leseni yake kamili huzidi dola 1,800 kwa mwaka. Mwanafunzi wa taasisi inayotambulika huipata Maya bure kwa mwaka mmoja mmoja, ila haruhusiwi kuifanyia kazi ya kulipwa. Hii ni faida ya chuo ambayo wanafunzi wengi hawaidai. Kanuni za pozi na muda ni zile zile. Kuhama kutoka Blender kwenda Maya huchukua wiki chache za kuzoea vitufe.

Kwa 2D, Krita ya kuchorea ni bure, Aseprite ya sanaa ya pikseli ni kama dola 20, na Spine, inayotia mifupa kwenye picha bapa, ina leseni ndogo ya dola 69. Tunaitetea 2D kwa dhati kwa wanaoanza Afrika Mashariki: gemu zake hazizilemei simu za bei nafuu, mashine ya kuitengenezea si lazima iwe ghali, na ujuzi wake unauzika nje ya gemu pia, kwenye katuni za watoto kama zinazotengenezwa na Ubongo jijini Dar es Salaam.

Kompyuta ya 3D iwe na RAM ya gigabaiti 16, na 32 kama utachonga modeli nzito. Kadi ya picha yenye gigabaiti 8 ni muhimu kwa Unreal. Animeta anaweza kuanza na nusu yake. Unreal ni makumi ya gigabaiti kuipakua, Blender ni megabaiti mia kadhaa, na Godot, injini nyingine ya gemu, ni ndogo zaidi. Mwenye bando la simu aanze na Godot, vitu vyake vitaonekana vizuri vya kutosha kujifunzia. Umeme ukikatika, Blender huwa imehifadhi nakala kila baada ya dakika mbili kwenye folda ya muda, na unairudisha kupitia menyu ya faili. Fanya hivyo kabla ya kufungua kazi nyingine.

Nani achague nini

Aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, ana wa kumlipia na hajawahi kujisimamia, aende chuo, kwa sharti kwamba majibu ya yale maswali matano yamemridhisha. Asipopata chuo cha namna hiyo karibu, tunaona ni heri asome shahada ya kompyuta au sanaa huku akijifunza 3D jioni, kuliko kulipia stashahada ya juu juu.

Mwenye ajira na mshahara aanze peke yake, kisha anunue muhula mmoja wa mwalimu mazoezi ya msingi yakishakuwa safi. Huu ndio mchanganyiko tunaoupendekeza kwa wengi, hasa animeta, kwa sababu makosa ya muda ni magumu kuyaona kwa macho yako mwenyewe. Msanii wa mazingira na vitu vidogo anaweza kwenda mbali zaidi bila mwalimu: jiko lake likikosewa, picha halisi ya jiko iko mezani kumwonesha tofauti.

Vyovyote utakavyosoma, kinachopelekwa kwa mwajiri kinafanana. Msanii: kazi tatu hadi tano, kila moja ikiwa ndani ya injini, pamoja na picha ya waya zake (mistari ya pembetatu zake), picha za rangi na idadi ya pembetatu. Animeta: rili ya sekunde 45 hadi 60, iliyo bora zaidi ikae mwanzo, na angalau kipande kimoja kikimwonesha mhusika akiendeshwa na mchezaji kwa vitufe, akianza kukimbia, akisimama na kugeuka. Ondoa kazi unayosita kuiweka, hata kama rili itabaki ya sekunde 30.